Barua Niliyomwandikia Mama

Baba alipofariki, ukoo ulimwachia mama nyumba na pembe ndogo ya kibanja, penye migomba na mibuni michache. Ardhi haikuwa yake. Aliishi pale kwa hisani ya shemeji zake, na walimkumbusha. Kilichokuwa chake hasa ni biashara ya akamwani, yaani kahawa ya kutafuna, aliyoipika mwenyewe na kuiuza kwenye gulio la Muleba. Kwa biashara ile alinunua chumvi, nguo na mafuta ya taa bila kumpigia mtu magoti.

Kwa wasioijua, kahawa hii haingoji kuwa nyekundu. Huchumwa ikiwa imekomaa lakini bado ya kijani, ikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa juani hadi ikauke. Mgeni akiingia nyumba ya Mhaya, hupewa hiyo kabla hajaulizwa shida yake. Kila mpishi ana mkono wake, na wa mama ulijulikana. Watu waliwapita wauzaji wengine wakamfuata alipoketi.

Wakati huo nilikuwa nikifundisha shule ya misheni upande wa Kashozi. Darasani nilieleza soko kwa mfano wa mama. Mtu huleta anachokijua vizuri, mnunuzi huchagua, na aliyepika ovyo hurudi na kikapu chake. Kisha nilieleza kazi ya serikali: kutengeneza barabara, kukagua mizani, kumzuia mdanganyifu. Ilikuwepo sheria iliyokataza kuchuma kahawa ya kijani, nami niliitetea. Mkulima mmoja akichanganya mbichi na mbivu, mnunuzi wa ng'ambo hushusha bei ya wote. Bado naona sababu ile ilikuwa ya haki.

Lakini kahawa ya mama haikuwa inakwenda ng'ambo. Nikaona dawa ni kuiandikia ofisi ya kilimo kuomba kibali kabla hajasumbuliwa.

"Kwani nani ameniuliza?" mama akasema.

"Hakuna. Ndiyo maana tuwaeleze mapema. Wakielewa, hawatakusumbua kamwe."

"Wewe mwana wange unaamini kila mtu akielezwa anaelewa."

"Wanafunzi wangu huelewa."

"Una fimbo."

Tukacheka, akaniruhusu. Niliandika kurasa mbili kwa mwandiko wangu bora.

Jibu lilikuja kwa miguu. Bwana shamba, kijana wa Kihaya aliyevaa soksi ndefu, alifika nikiwa nyumbani kwa likizo. Mama alimkaribisha, akamwekea kikapu kidogo cha akamwani. Asingeweza kukataa, kukataa ni kumwambia mwenyeji kwamba humwamini. Akatia punje mdomoni, akatoka kutazama mkeka uliokuwa juani.

"Hizi zimechumwa mbichi, mama," akasema huku akitafuna.

"Ndizo hizo ulizonazo mdomoni, waitu," mama akamjibu, kwa neno letu la heshima.

"Unanitega."

"Ningetaka kukutega ningekupa za jirani."

Alicheka kweli. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa barua yangu.

"Nimepita hapa mara ngapi? Nilikuwa nanunua kwako gulioni. Lakini barua imegongwa muhuri, imepewa namba. Lazima ijibiwe."

Nikamweleza tofauti ya masoko mawili, polepole, kama darasani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, umesema vizuri. Sheria inasema kahawa tu. Haikusema ya kutafuna wala ya kusafirisha."

"Basi iongezwe neno."

"Mimi siandiki sheria. Natumwa."

Akakunja mkeka mwenyewe, akamwaga kahawa yote katika gunia, akaandika karatasi. Mama alimshikia mdomo wa gunia ili zisimwagike. Sijui kama ilikuwa adabu au hasira, na sikuthubutu kumuuliza.

Baada ya majuma kadhaa kibali kilipatikana, lakini kwa masharti: jengo la bati, sakafu ya saruji, na leseni ya mjini. Masharti hayo yalikuwa ya usafi, na ukiyasoma moja moja huoni kosa. Mfanyabiashara mmoja wa Bukoba mwenye ghala Kemondo alikuwa navyo vyote. Alichokosa ni mkono wa kupika. Akamwita mama amfanyie kazi kwa ujira, naye akakubali, kwa sababu gulioni sasa alikuwa mtu wa kukamatwa.

Nilimtembelea ghalani. Alikuwa akichagua punje juu ya saruji, nadhifu kuliko nilivyowahi kumwona kazini. Tajiri wake alikuwa nje akipakia mizigo. Nikainama nikamnong'oneza neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu tangu niwe mwalimu.

"Mama, usimfundishe yote. Majani unayochanganya, muda wa moto, hayo baki nayo."

Hakuinua kichwa.

"Nimeshamwambia."

"Yote?"

"Aliniuliza vizuri, akaketi chini kunisikiliza. Nikadhani akielewa atanithamini."

Aliendelea kuchagua. Nami nikaketi kwenye saruji nikachagua naye, mpaka mfanyabiashara alipoingia na kuniambia, kwa upole, kwamba ghalani hawaruhusiwi watu wasio na kazi. Msimu uliofuata hakumwita tena.