Risasi ya Zakayo na Ukuta wa Walthamstow

Nyie vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Sikwenda London kutalii. Binti yangu Neema alijifungua huko, nikaenda kumkanda na kumbebea mtoto. Kaka yake, Zakayo, akanibebesha na swali lake.

Zakayo hununua ng'ombe minadani, hulala na fedha za watu ndani. Jirani alipovamiwa na wezi, Zakayo akaomba kibali cha bastola, akapata. Kilichomshinda ni risasi, maana bastola hununuliwa kwa kufuata risasi yake. Milimita kumi, yenye mbio, au ile ya kipimo cha inchi wanayoiita arobaini na tano, nene na nzito? "Mama, kamuulize Mzee Kanti." Huyo ni Mhindi aliyekuwa na duka la silaha Arusha, kisha akahamia London. Marehemu mume wangu alinunua kwake bunduki ya kufukuzia nguruwe shambani.

Uwanja wa ndege Neema alinipokea na koti zito kama godoro. Kwake, mtaa wa Lewisham, nilimpakata mjukuu, nikamwimbia, akalala kifuani. Siku hizo risasi sikuzikumbuka hata kidogo.

Jumamosi tukaenda Walthamstow, treni inakoishia. Mzee Kanti amepungua, ila Kiswahili chake kizima.

"Mama Zakayo! Bado mkali?"

"Bado. Na wewe bado hujafa?"

Akacheka mpaka akashika meza. Chai ya tangawizi ikamiminwa, nikamweleza shida.

"Zote kali," akasema. "Kumi inakimbia sana, inarusha mkono. Arobaini na tano inasukuma. Sasa mwizi akikoswa, risasi inakwenda wapi? Kuta zenu za nini?"

"Nje tofali. Ndani plaiwudi."

"Nyuma ya plaiwudi analala nani?"

Nikaweka kikombe chini. Nalala mimi na watoto wanne wa Zakayo, kwani kwetu wajukuu hulala na bibi.

Mzee akainuka, akagonga ukuta wa sebuleni mara mbili. Upande wa pili nao ukagongwa.

"Mama mmoja mjane," akasema kwa upole. "Tangu mke wangu afariki, tunaulizana hivi kama tumeamka. Mama Zakayo, plaiwudi haizuii hata moja ya hizo. Hata ile ndogo ya milimita tisa inapita."

Wakati wa kuaga alinishika mikono yote miwili, hakutaka kuiachia.

Siku ya kurudi, Zakayo alinipokea kwa swali. "Haya Mama, kumi au arobaini na tano?" Nikamwambia tufike nyumbani kwanza, na huko watoto wakanirukia. Nikawatazama. Mwanangu alikuwa amepima nguvu ya risasi kwa mwizi tu, hawa hakuwapima. Nikamweleza yote.

"Mama, umekwenda Ulaya yote hiyo ukaniletea habari za plaiwudi?"

"Ndiyo. Sasa sikilizeni, nyumba nzima. Bastola hainunuliwi. Fedha za mnadani zikalale benki, zisilale na wajukuu wangu."