Tope Linalonuka Vizuri

Kwetu Jomvu Kuu, mwanamke akikwambia tope la shimo lake lanuka, halalamiki. Anajisifu. Makumbi ya nazi hayaozi sawasawa mpaka yafukiwe kwenye tope jeusi la hori la bahari, lile linalonuka kama yai viza, yakae humo miezi mingi mpaka nyama yake ilegee na nyuzi zibaki. Tope lisilonuka tulikuwa tukiliita tope lililokufa. Nimekua na maneno hayo bila kuyauliza. Hata sasa ninapoyaandika sina hakika kama nayaeleza vizuri, maana shule yangu iliishia darasa la saba, na mambo ya tope nilifunzwa kwa pua.

Aliyenifunza ni Mama Mkubwa, dadake mama yangu, aliyenilea. Kazi yake ilikuwa kamba za makumbi: kufukia, kufukua, kupiga kwa rungu, kuosha, kuanika, kisha kusokota viganjani barazani huku akizungumza na kila apitaye. Shimo lake lilikuwa chini kwenye mikoko, na alilipata kwa bibi yake. Mashimo yale yalikuwa na wenyewe. Kila mwanamke hupanga mawe ya matumbawe juu ya lake kwa namna yake, ili makumbi yasiibuke maji yakijaa na ili wenziwe wajue ni lake. Mama Mkubwa alipanga ya kwake kwa duara, na jiwe moja pana katikati. Kugusa shimo la mwenzio halikuwa jambo la kufikirika. Wako waliokuwa hawasalimiani, na makumbi yao yalilala ubavu kwa ubavu bila taabu.

Basi asubuhi moja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, maji ya bamvua yamepwa na hori limebaki wazi, tulishuka mimi na yeye tukamkuta dada mmoja aliyevaa viatu vya mpira amesimama katikati ya duara lile. Alikuwa akilizamisha bomba la plastiki kwenye tope kwa uzito wa mwili wake wote. Jiwe pana alikuwa ameshaliweka kando.

Nilidhani Mama Mkubwa angepiga ukelele. Hakupiga. Alisema, "Mwanangu, hapo uliposimama ni pa mtu."

Yule dada akageuka, akatuona, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa toka."

Akatoka, na ile shikamoo naamini ndiyo iliyomwokoa. Alijieleza huku amesimama nje ya mawe. Alikuwa amesomea mambo ya bahari, ametumwa kuangalia tope la hori letu. Kwa miaka mingi mafuta machafu yalikuwa yakiteremka na mfereji kutoka upande wa Changamwe. Yalitoka kwa nani, kila mtu alikuwa na jina lake la kutaja, nami sikuona kwa macho yangu, kwa hivyo sitalitaja. Sasa kulikuwa na mpango wa kuleta mashine ikombe tope lote la upande wetu na kulipeleka kwingine, na kabla ya hapo ilitakiwa ijulikane kama lina madhara, na kama kulikomba ni afadhali au ni balaa jingine.

Mama Mkubwa akamuuliza kwa nini katika hori zima amechagua shimo lake yeye.

Dada yule akasema alipita mitaani akauliza ni wapi tope linanuka kuliko kote, na watu wote wakamwelekeza hapo.

Niliuona uso wa Mama Mkubwa ukitaka kukasirika na kutabasamu kwa wakati mmoja. Mgeni aliuliza palipoharibika, na wenyeji wakampeleka palipo bora. Hakuna aliyemdanganya mwenziwe. "Hilo wamesema kweli," Mama Mkubwa akasema mwisho. "Haya, livute bomba lako tuone."

Bomba lilitoka limejaa tope kama muwa ulivyojaa maji. Tulilichukua mpaka barazani. Dada yule akataka mahali pa kulilaza na kulipasua, mkono wake ukaenda kwenye mkeka uliokunjwa pembeni, Mama Mkubwa akamwambia huo ni wa kuswalia, alilaze kwenye gunia. Akalipasua kwa urefu. Mimi nilikuwa nimekanyaga tope lile tangu utoto na sikujua kama lina ndani. Juu lilikuwa la kahawia, laini. Chini yake likaja jeusi letu, na harufu ikapanda barazani kote. Katikati ya jeusi, upana wa vidole kama viwili, kulikuwa na mstari unaometa rangi rangi kama shingo ya njiwa.

Mama Mkubwa aliinama akanusa. Akarudi nyuma. Akainama tena.

"Hii ni chemli," alisema. Alikuwa na maana ya taa, ile harufu inayobaki mkononi ukishaitia mafuta.

Hapo ndipo mambo mengine yakaanza kurudi. Nyuzi zake miaka ile zilikuwa zikitoka na weusi usiokwisha kwa kuosha, na wasuka vitanda, wanunuzi wake, walishamlalamikia. Yeye alisema nazi zilikomaa kupita kiasi. Maji ya kuoshea yalikuwa yakifanya utando wa rangi juu ya beseni. Tulisema ni mafuta ya nazi, tena mimi ndiye niliyesema. Shimo lilinuka vizuri, makumbi yalioza vizuri, basi tope lilikuwa zuri: hivyo ndivyo tulivyojua, na harufu moja ilikuwa imeificha nyingine.

Lakini nisimwonee mtu. Mgeni naye alikiri kwamba alikuja akiihesabu harufu ile kuwa dalili ya uchafu, na sasa ilimbidi arudi chini akachukue tope la mahali pengine, jeusi na lisilo jeusi, alinganishe. Alishinda kwetu kwa siku kadhaa. Nilimfuata kila alikokwenda, kazi za nyumbani zikanilimbikia, kwa sababu nilikuwa na maswali. Nilimuuliza, kama sumu imo, mbona kaa wanaishi? Akasema kuwepo kwa sumu ni jambo moja na kumfikia mtu ni jambo jingine. Tope jeusi lisilopata hewa hushika baadhi ya sumu likaikumbatia, na ikiwa imelala chini huenda isimdhuru yeyote. Ukilifukua ukalianika juani, linaachia. Nikamuuliza, kwa hivyo ile harufu mbaya ndiyo inayotulinda? Akacheka, akasema si kwa maneno hayo, lakini haiko mbali sana. Jibu hilo nililiandika usiku ule, halafu nikaliwekea alama ya kuuliza mbele yake, na mpaka leo alama ipo.

Siku moja kabla hajaondoka aliomba watu wakutane barazani kwetu. Walikuja kina mama wa mashimo, na jirani yetu mama wa Kirabai ambaye kila maji yakipwa alikuwa akiokota kombe za kula chini ya mkondo, maji ya mashimo yetu yanakoteremkia, na kaka yangu aliyekuwa akifanya vibarua Changamwe kwenye gereji ya malori. Tulitazamia atueleze hatari. Badala yake alituuliza: "Hili tope mnataka liwe la nini, nyinyi na watakaokuja baada yenu?"

Nadhani hatukuwahi kuulizwa hivyo. Tulizoea kuulizwa kimeharibika nini.

Akaeleza kwamba kupima sumu peke yake hakutoshi kuamua. Lazima ijulikane nani hula kutoka hapo, nani hufanya kazi hapo, na tope likiondolewa litalala kwa nani. Kaka yangu ndiye aliyesema wa kwanza. Alisema mashine ije, kwa kuwa italeta kazi kwa vijana wanaoshinda vijiweni, na uchafu uondoke mara moja. Wanawake walimgunia. Mimi sikuguna, maana niliyajua maisha ya kibarua, na pia mkate tuliokula asubuhi ile ulinunuliwa kwa ujira wake wa Changamwe, huko huko kulikotoka mfereji.

Jirani yetu akauliza tope hilo litapelekwa wapi. Dada akasema panatajwa bonde moja ng'ambo, karibu na Miritini.

"Kwa wakwe zangu?" akasema jirani. "Uchafu wa Jomvu ukalale kwa wakwe zangu? Mwataka nirudishwe kwetu uzeeni?"

Baraza likacheka, hata kaka. Lakini baada ya kicheko hakuna aliyeusifu tena ule mpango kwa sauti kubwa.

Mama Mkubwa alikuwa akisokota wakati wote. Alipoulizwa anataka nini alisema anataka shimo lake. Basi.

Dada yule akaenda na vibomba vyake, ikapita miezi. Mama Mkubwa, kama kumkaidi mtu, alifukia makumbi mapya, mengi kuliko miaka yote, akayapangia mawe. Alisema akija kuyafukua, kwa pesa yake atabadilisha bati la jikoni lililokuwa likivuja. Nilimuuliza kama haogopi. Alisema anaogopa njaa kwanza, hayo mengine yatafuata kwa zamu.

Yule dada aliporudi alikuja moja kwa moja kwetu kabla ya kwenda ofisi yoyote, na hilo nimemhesabia. Maoni yake yalikuwa mashine isije. Mfereji ufungwe huko huko juu, kwa sababu kukomba chini na juu bado panavuja ni kazi bure. Sehemu iliyoshika mafuta iachwe itulie, tope jipya liifunike kidogo kidogo, na ipandwe mikoko ishike chini. Na sehemu ile, tangu mashimo yetu mpaka mdomo wa mfereji, isichimbwe na mtu.

"Na mimi?" akauliza Mama Mkubwa.

"Makumbi yaliyomo ni yako, mama. Siwezi kukukataza. Lakini sikufichi. Kila unapofukua, unaamsha kile kilicholala, na maji yanakichukua."

"Yanakipeleka wapi?"

Yule dada akaonyesha kwa kidevu upande wa chini ya mkondo.

Bamvua lilipofika Mama Mkubwa alichukua jembe na kapu, nami nikamfuata. Maji yalikuwa yamepwa sana. Alifika kwenye duara lake, akaliinua jiwe pana kwa mikono miwili, akaliweka kando, akashika jembe. Kule chini jirani yetu alikuwa ameinama na ndoo yake, leso ameifunga kiunoni, anaokota. Alituona akanyoosha mgongo, akapaza sauti: "Leo ndio siku ya bati?"

"Ndio siku ya bati," Mama Mkubwa akamjibu.

Akasimama na jembe lake. Mchirizi mdogo wa maji ulikuwa ukitoka kwenye shimo, unapita katikati ya miguu yetu, unateremka kwenda kule kwenye ndoo. Nilikuwa nimeyaruka maji yale maisha yangu yote, na siku ile nilimwona akiyafuata kwa macho mpaka mwisho wake. Kisha akaliweka jembe ndani ya kapu, akaliinua lile jiwe na kulirudisha lilipokuwa. Alilisogeza kidogo likae sawa.

Alipopita karibu na jirani, yule mama alimuuliza mbona kapu tupu. Alimwambia makumbi bado hayajanuka.

Singependa mtu amfanye mtakatifu kwa hilo. Alinung'unika mpaka mwisho wa uhai wake. Jiko likivuja mvua za masika alimtaja yule dada, na jirani akileta kombe alizila huku akisema ndizo zilizokula bati lake. Alijaribu kufukia upande wa pili wa mikoko, tope lisilonuka sana, na nyuzi zikatoka ngumu, nusu mbichi. Tena katika miaka hiyo hiyo kamba za nailoni zilijaa madukani, na wasuka vitanda wakahamia huko. Kwa hivyo siwezi kusema kilichoiua kazi yake ni ule uamuzi. Siwezi kusema pia kwamba haukuiua. Mfereji wa juu ulizibwa, ukavuja, ukazibwa tena. Mikoko tuliyoipanda mingine ilikufa na mingine ikashika. Kama tope limepona, sijui. Ningependa sana kujua, na aliyeweza kunijibu sijamwona tena.

Kabla hajafa Mama Mkubwa alinigawia vitu vyake: rungu la kupigia, sanduku, mkeka. Mwisho akasema, "Na shimo ni lako. Usilifukue."

Siku hizi maji yakipwa nashuka huko na binti yangu. Mikoko imekuwa mikubwa, mizizi yake imepita juu ya mawe, lakini lile pana bado linaonekana ukijua pa kutazama. Binti yangu aliniuliza ni urithi gani huo usioguswa, na yale makumbi, je, bado yamo? Nilimwambia nadhani yamo, chini huko pasipo hewa, au labda yamebaki nyuzi tu. Akapiga magoti akanusa.

"Hapa panuka," alisema, amekunja uso.

Nami, kabla sijajizuia, nilijisikia fahari.