Bega la Mbuzi na Mabao ya Hanoi

Njenga wa Lewisham, hapa London, alikuwa na maradhi mawili yasiyo na dawa: mpira na mdomo. Kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuogesha na kulisha, kila mtu alijua timu anayoishabikia na timu anazozidharau, na aliyoidharau kupita zote ilikuwa Ufilipino. Sababu ni Generosa, Mfilipino aliyekuwa naye zamu moja, mwanamke mpole aliyeipenda timu ya kwao jinsi mzazi anavyompenda mtoto mgonjwa.

“Nyinyi ni watu wa basketboli,” Njenga alimwambia wakitandika vitanda. “Si mlipigwa na Indonesia kumi na tatu kwa moja?”

“Mwaka 2002, siku mbili kabla ya Krismasi. Nakumbuka kuliko wewe.”

“Na Japani? Kumi na tano bila!”

Generosa alinyoosha shuka, akahamia kitanda kinachofuata.

Basi Desemba ya 2010 ikafika, kombe la Asia ya Kusini-Mashariki likaanza, na Ufilipino ikapangiwa Vietnam, mabingwa watetezi, kwao Hanoi. Wiki hiyo Madhu, meneja wao, alikuwa amekwisha kuokota majina kwenye sufuria. Ndivyo mapumziko ya Krismasi yalivyogawiwa pale. Njenga akapata, Generosa akakosa, kama alivyokosa tangu aanze kazi. Njenga, badala ya kumshukuru Mungu na kunyamaza, akatangaza mbele ya wote kwenye chumba cha chai: “Vietnam wakifungwa, Krismasi yangu chukua wewe!”

Sasa sikia Krismasi yenyewe ilikuwa nini. Njenga na mkewe Mumbi walifunga ndoa ya serikali hapa London miaka minane nyuma, wakapata binti, Ciru, anayeelewa Kiswahili na kujibu Kiingereza. Ngurario, ndoa yenyewe ya kimila, hawakuwa wamefanya. Na kwa Wakikuyu, mpaka mwanamume akate bega la mbuzi mbele ya mashahidi, ampe mwanamke, na mwanamke apokee, hao wanakaa pamoja tu. Mama yake Mumbi alikuwa amepata viza hatimaye. Alikuwa anakuja kutoka Kiambu na mjomba wa ukoo, na siku waliyopanga ni Krismasi, kwenye ukumbi wa kanisa. Mumbi ameshashona nguo. Na mtu mzima, na akili zake, anaweka kitu kama hicho rehani kwa ajili ya mpira!

Lakini Njenga hakuona kama ameweka chochote rehani. Ufilipino wamfunge nani?

Jumapili ya mechi alitoka kanisani akaja kazini mchana, akamkuta Generosa ameinamia kompyuta, mikono kichwani. Ufilipino moja, Vietnam bila. Njenga akacheka. Vietnam walikuwa wanashambulia mfululizo, bao lingerudi tu. Halikurudi. Zimebaki dakika kumi hivi, Ufilipino wakapiga la pili, na Generosa akapiga ukelele ulioamsha wazee wote. Mzee Tom, ambaye macho yamemwisha na hukumbuka mpira tu, akauliza kutoka kitini: “Ngapi ngapi?”

“Mbili bila!” Generosa alilia. “Na wafungaji wote wamezaliwa hapa hapa Uingereza, mama zao Wafilipino!”

Njenga alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Yeye aliyejua wachezaji wa Uingereza mpaka wa akiba, hakuwahi hata kuangalia majina ya timu ile. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Jioni alimweleza Mumbi. Mumbi alimtazama kana kwamba amesikia msiba.

“Ulicheza kamari na ngurario yangu, Baba Ciru?”

“Sikujua—”

“Kesho nenda kwa Generosa. Mwambie ukweli, umwombe. Ni mwanamke, ataelewa.”

“Nimwombe? Baada ya kumcheka miaka yote hiyo? Kazini nitaonekanaje?”

Mumbi akanyamaza. Njenga aliudhani ule ukimya ni kukubali. Karibu wiki tatu akapishana na Generosa koridoni akiangalia sakafu, na neno hakumwambia.

Mama mkwe ndiye aliyepata njia. “Kama bwana arusi hawezi kuja kwa mbuzi, mbuzi ataenda kwa bwana arusi.” Kwa hiyo Krismasi, baada ya wazee kula, Madhu akamruhusu Njenga robo saa. Wazee wameketi na kofia zao za karatasi, bega limewekwa mezani kwenye sinia, mjomba kasimama shahidi, Mumbi kavaa nguo yake mpya. Njenga, katika sare, alikata mahali pa kiungo kwa kisu cha jikoni, vizuri kabisa, mjomba akaguna kuridhika. Akamnyooshea Mumbi kipande. Moyo wake ulitulia kwa mara ya kwanza tangu Hanoi. Yameisha, alijiambia.

Mumbi hakunyoosha mkono.

“Nilingoja uombe,” alisema polepole. “Maneno mawili tu kwa yule mama. Ungeomba ukakataliwa, leo ningelipokea hili bega kwa mikono miwili. Lakini kunipoteza mimi uliona nafuu kuliko kuaibika mbele yake.”

“Mumbi!” mama yake alishtuka, mkono mdomoni.

“Twende nyumbani, Mama. Siku akijua kuomba, atatuita.”

Akamshika Ciru mkono, wakatoka. Njenga alibaki na nyama mkononi, mafuta yakimtiririkia mpaka kwenye mkono wa sare, na maneno yote aliyokuwa nayo maishani yamemkauka. Hakuwahi kufikiri kwamba Mumbi anaweza kukataa. Hata mara moja.

Mzee Tom akainua kichwa chini ya kofia yake ya karatasi.

“Ngapi ngapi?” akauliza.