Matangazo Yaliporushwa Mubashara

Kamati ya kutafuta mtu wa kurusha ibada zetu mubashara ilikuwa na watu watano, nami ndiye niliyekuwa katibu. Niseme mapema: katika watu wale watano, mimi nilikuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kuwa makini, na nikawa mzembe kuliko wote.

Sababu hiyo ilikuwa inalala chumba cha pili nyumbani kwangu Chanika. Mdogo wangu alikuwa amemkimbia mumewe huko mkoani baada ya kuvunjwa taya, na baada ya wazee wa pande zote mbili kukaa kikao na kusema yamalizwe kifamilia. Mumewe aliwahi kumfuata hadi Tabata, nilikokuwa nimepanga zamani. Majirani wakamwambia nimehamia kwangu, Chanika. Lakini Chanika ni kubwa, nyumba mpya zimeota katikati ya mashamba na njia nyingi hazina hata jina. Alizunguka siku mbili, akarudi alikotoka. Usalama wote wa mdogo wangu ulikuwa huo tu, kwamba yule bwana hakujua nyumba yangu ni ipi.

Usharikani niliwaambia watu kwamba amekuja kujifunza ushonaji. Niliona aibu kusema ukweli. Mimi ndiye niliyeisimamia harusi ile, nikawashinda wote waliokuwa na wasiwasi.

Waombaji walibaki wawili. Wa kwanza alikuja na suti na kompyuta, akatuonyesha kamera nne, moja ikiwa kwenye mkono mrefu wa chuma unaopita juu ya vichwa vya watu. "Mama katibu, haitatupita hata sura moja," alisema. Tulipiga makofi. Usharika jirani ulikuwa unarusha ibada zake mwaka mzima, na sitadanganya, wivu ulikuwa unanitafuna.

Wa pili alikuwa mzee wa Kiarabu kutoka Gongo la Mboto, familia yake ina duka pale tangu enzi za babu yake, naye anapiga picha za harusi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Hakutuonyesha kitu. Aliuliza tu, "Kabla ya yote, nani kwenu hatakiwi kuonekana?"

Mzee wa kanisa aliyekuwa mwenyekiti wetu alicheka. "Mzee mwenzangu, hili ni kanisa. Sie hatuna wa kumficha."

"Kila mkusanyiko unaye," alijibu taratibu. "Harusini naulizaga hilo kwanza. Ukumbi wa kina mama, kamera wanashika kina mama wenyewe, na picha haitoki bila ruhusa. Na hayo matangazo yenu ya mwisho wa ibada, mie ningewashauri msiyarushe. Hayo ni ya wenyeji."

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi mno: mzee ana hoja. Lakini ningesema hivyo, mtu angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa moja tu. Mwenyekiti akasema matangazo ni sehemu ya ibada, nikaandika hivyo kwenye daftari. Tulipopiga kura, mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mikono ya wenzangu, na yule wa suti akapata kazi.

Jumapili ya uzinduzi nilimwambia mdogo wangu akae nyuma kabisa, pembeni ya nguzo. Alitii. Ila kwetu sadaka hutolewa kijumuiya. Jumuiya inaitwa kwa jina, na watu wake wanakwenda mbele wakiimba na kucheza, na asiyenyanyuka anaonekana. Jumuiya ya Chanika ilipoitwa, ngoma ikalia, mdogo wangu akanyanyuka. Miezi yote hiyo alikuwa ndani ya geti. Nikamwona kwenye skrini kubwa, anacheza huku anacheka, taya limepinda kidogo upande mmoja, na ule mkono wa chuma ukashuka kumfuata. Kwa kitambo kidogo nilifurahi, Mungu anisamehe. Sikuwa nimemwona akicheka tangu alipofika.

Kisha ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimeshona kitenge kipya kwa ajili ya kamera. Nikasoma kama ninavyosoma kila Jumapili, kwa sababu jumuiya zetu husali nyumba kwa nyumba na watu lazima waelekezwe: "Jumuiya ya Chanika itasali Jumatano, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwa katibu. Ukifika mwisho wa lami, pita mashine ya kusaga, geti la bluu mkono wa kushoto."

Nilipotamka "mkono wa kushoto" ndipo akili iliponirudia. Sauti haikutetereka. Nikaendelea na tangazo la ndoa lililofuata. Jumamosi yule wa suti alikuwa ameniomba karatasi yangu ili maneno yapite chini ya picha, kwa hiyo maelekezo yale yalipita pia kwa maandishi, bila kosa hata la herufi moja.

Jioni hiyo shangazi alinipigia kutoka nyumbani. "Tumewaona! Laivu kabisa! Na mdogo wako alivyonawiri!"

"Mlikuwa na nani, shangazi?"

"Sie wote, sebuleni kwa jirani. Hata shemeji yako alipita, akakaa mpaka mwisho. Mpole siku hizi. Alikuwa anaandikaandika kama mwanafunzi."

Nilimpigia mrushaji aiondoe ile video. "Mama, hiyo ya uzinduzi ndo inayotuuza," alisema. "Lete barua ya mchungaji, naitoa." Ili nipate barua ilibidi nimweleze mchungaji kila kitu. Jumatatu nikasema kesho. Jumanne nikamwambia mdogo wangu aende kwa rafiki yangu Temeke siku mbili, apumzike. "Jumatano tuna wageni, dada. Nani atapika?" aliuliza, akabaki. Kuahirisha jumuiya iliyokwisha kutangazwa hakufanyiki bila msiba. Nilijiambia safari ni ndefu, nauli ni kubwa, labda mumewe hatakuja. Nilikuwa naogopa hata kuligusa lile geti.

Jumatano tulikuwa ubeti wa pili wa wimbo geti liliposukumwa. Aliingia na Biblia kwapani, shati limenyooshwa vizuri. "Bwana Yesu asifiwe."

"Amina," watu wakaitikia.

Kiongozi wa jumuiya alimpa kiti, halafu, kama ilivyo desturi, akamwomba mgeni asimame ajitambulishe. Akasimama. Alisema ametoka mkoani, amemfuata mkewe. Aliwaona mubashara akaguswa sana, akajua Mungu anamwita. Alitoa leso, akafuta macho. Watu walipiga makofi, na mama mmoja akapiga vigelegele. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na chupa ya chai mkononi.

Kiongozi akaipokea ile chupa, akamshika mkono mdogo wangu, akauweka kwenye mkono wa mumewe, akaiombea ndoa yao kwa muda mrefu. Alipomaliza, wote walisema amina. Nami nilisema. Naichukia ile amina yangu.

Waliondoka Ijumaa kwa basi la alfajiri. Mdogo wangu hakunitupia neno hata moja baya. Jumapili habari yao ilitolewa kanisani kama ushuhuda, tunda la kwanza la kurusha ibada mubashara. Mchungaji akaipongeza kamati, na mimi, katibu, nikayaandika hayo kwenye muhtasari.

Sasa nampigia kila siku. Simu inaita, na mara zote anapokea mumewe, kwa heshima zote. Leo nilipiga saa nne asubuhi. "Shikamoo, shemeji," alisema. "Mdogo wako amelala."