Bi Usiandike

Jina lake halisi lilikuwa kwenye mafaili ya utumishi, lakini hospitali nzima ilimwita Bi Usiandike, naye alijua na wala hakukasirika. Alikuwa fundi wa kompyuta hapo kwa miaka kumi na minne. Akikuta neno la siri limebandikwa kwenye meza ya karani, alilibandua, akalichana mbele ya mwenyewe, kisha akasema, "Usiandike. Kichwa umepewa cha nini?" Wauguzi walimwogopa kuliko daktari mkuu. Hospitali ilikuwa na seva moja ya Linux, kompyuta kuu iliyotunza kumbukumbu zote, na yote ya kuihusu yalikaa kichwani mwake, kwa hiyo likizo kwake ilikuwa kitu cha kuwasikia wenzake wakisimulia.

Jumanne hiyo alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka saa nne, na akapewa. Saa tano baba yake angefunguliwa bandeji kwenye hospitali ya macho, upande wa pili wa mji. Jicho la kushoto la mzee lilishakufa kitambo. La kulia lilizibwa na mtoto wa jicho kwa miaka tisa, na jana yake ndipo lilipofanyiwa upasuaji. Mzee alikuwa na ombi moja tu. "Daktari akifungua, nataka uso wa kwanza uwe wako, mwanangu. Huyo ndugu yako nimeshamsikia vya kutosha."

Saa moja na nusu asubuhi, karani wa mapokezi alimpokea mlangoni, mama mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi.

"Mwenzangu, seva yako imetususa. Kila anayeingiza jina na neno la siri anatupwa nje."

Bi Usiandike akacheka, akaenda kwenye chumba cha mashine, kile chenye baridi na kisicho na dirisha, akaandika jina lake. Akatupwa nje. Akaandika tena, polepole, kidole kimoja kimoja. Akatupwa nje tena, na kicheko kikamkauka.

Njia ilibaki moja, kuingia kwa jina la mkuu wa mashine, ambaye hafungiwi mlango. Hapo ndipo kijasho chembamba kilipomtoka, baridi yote ile. Neno la siri la mkuu alilibadilisha mwezi uliopita, likawa refu mno. Na yeye, Bi Usiandike mwenyewe, aliliandika. Aliliweka kwenye faili, na faili lenyewe lilikuwa humo humo ndani ya seva. Alikuwa amefunga nyumba na kuacha ufunguo juu ya kitanda.

Alijua dawa yake. Ukiwa mbele ya mashine yenyewe, unaizima, unaiwasha, unaikatiza kabla haijaamka vizuri, nayo inakupa mlango wa nyuma usiouliza neno lolote. Akaomba ruhusa kwa daktari mkuu, akaisubiri mpaka saa tatu, ndipo akaizima. Lakini mashine ambayo haijazimwa kwa miaka miwili ikiamka hutaka kwanza kukagua diski zake zote, na haiharakishwi. Saa tatu na nusu skrini ilisema asilimia kumi na moja. Saa nne ilisema ishirini na sita. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akaitazama namba kama anayesubiri maji yachemke. Nje, akina mama walipanga foleni wakiwa na watoto mgongoni, na makarani waliandika majina yao kwenye madaftari.

Karani wa mapokezi akachungulia. "Mzee wako si saa tano? Nenda. Niandikie hapa cha kufanya ikimaliza, nitabonyeza mimi."

"Hayaandikiki haya."

"Dawa za kifafa zinaandikika, hayo yakushinde?"

"Nimesema hayaandikiki, mama."

Karani akaguna, akaondoka na karatasi yake tupu. Bi Usiandike alitamani kumwita, na ulimi ukakataa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amejisifu kwamba bila yeye hapaendi kitu. Sasa kweli hapakuwa panaenda kitu, na yeye mwenyewe hakuweza kwenda.

Saa tano na robo simu ikalia. Ni mdogo wake. "Dada, daktari hawezi kungoja, ana wengine tisa nyuma ya baba."

"Mwambie nakuja."

"Uko wapi?"

Skrini ilisema sitini na moja. "Niko njiani," akasema, akaona aibu.

Ukaguzi ulikwisha saa saba kasoro dakika kumi. Akapita mlango wa nyuma, akaanza kupekua, na hakupekua sana. Kulikuwa na faili dogo, tupu kabisa, lile ambalo fundi huliweka anapotaka watu wote wazuiwe kuingia wakati wa matengenezo. Lilikuwa limewekwa jana saa kumi jioni. Akakumbuka. Alikuwa ameliweka yeye, aanze kusafisha diski, mdogo wake akapiga simu kwamba mzee ametoka chumba cha upasuaji salama, naye akachukua mkoba akakimbia. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Akalifuta kwa mstari mmoja, mstari ambao ungeenea kwenye kiganja cha karani.

Alifika hospitali ya macho saa nane. Mzee alikuwa kitandani, ameketi wima, jicho jekundu li wazi linatazama mlangoni. Lilimtazama alipoingia, likamwacha, likarudi mlangoni. Bi Usiandike akasimama katikati ya chumba.

"Shikamoo, baba."

Mzee akageuka taratibu kuifuata sauti. "Marahaba. Kumbe ni wewe? Nimekuona ukiingia. Nikaendelea kukungoja."

Mdogo wake akatoka nje. Mzee akamwita karibu, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha.

"Mvi hizi zimeanza lini, mwanangu?"

Alitafuta kichwani, na hakukuta kitu.