Vifuniko Saba vya Darasa la Tatu

Saa mbili na nusu asubuhi, Bibi Randa anasukuma mlango wa darasa la tatu kwa bega, maana mikono yote miwili imejaa. Kulia ana kapu la misumeno midogo, kushoto visanduku saba vya mbao visivyo na vifuniko.

"Shikamoo Bibi!" darasa zima linanguruma.

"Marahaba. Polepole, mtatuangushia dari."

Watoto ni arobaini na wawili, sita sita kwa kila kisanduku. Madawati yamesukumwa ukutani, sakafu imetandikwa magunia. Kila Jumatano, muhula mzima sasa, seremala huyu wa miaka sitini na moja anafunga karakana yake asubuhi na kuja kuwafundisha kutengeneza vitu kwa mikono yao. Halipwi. Hupewa chai, "na chai yenyewe naipangia foleni," anasema.

Leo hana raha. Mwalimu mkuu anakuja kutazama, kisha aamue kama kipindi hiki kina maana. Watoto hawa mwakani wanapanda la nne, na Bibi Randa anataka kwenda nao.

Ana sababu. Yeye mwenyewe aliishia la tatu. Mama yake aliugua, wadogo zake wanne wakahitaji mtu wa kuwapikia, na mtu huyo akawa yeye. Useremala aliuokota kwa mjomba wake, akianzia kwenye kufagia maranda.

"Miaka hamsini nimepita nje ya shule hii na mbao begani," anasema. "Nikisikia wanakariri, nakariri nao. Nikifika kona, sauti inakatika. Elimu yangu ilikuwa inaishia pale konani."

Kazi ya leo ni kifuniko cha sentimita kumi na tano. Watoto wanapima kwa rula, wanachora mstari, wanakata, ndimi zimetoka nje kwa bidii. Mwalimu mkuu ameshaingia. Amesimama karibu na kabati, mikono nyuma.

"Haya, funikeni," anasema Bibi Randa.

Vifuniko saba vinawekwa. Vyote saba ni vifupi. Kila kisanduku kimebaki na pengo la upana wa kidole.

Mwalimu mkuu anakohoa. Bibi Randa anachukua kifuniko, anakipima: kumi na nne. Anachukua kingine: kumi na nne. Watu wakikosea, kila mtu hukosea kivyake. Hawa wamekosea kwa pamoja kama kwaya.

"Hebu nionyeshe ulivyopima, mjukuu wangu," anamwambia msichana mmoja asiye na meno ya mbele.

Msichana analaza rula juu ya ubao. Ukingo wa ubao ameuweka penye namba moja.

"Mbona hapa?"

"Si ndiyo hesabu inaanzia hapo, Bibi? Moja."

"Nani kawafundisha kuanzia moja?" mwalimu mkuu anadakia.

"Wewe, mwalimu! Tulipokuwa la kwanza."

Darasa linapasuka kwa kicheko. Mwalimu wa darasa, dada mmoja mpole, anajificha nyuma ya daftari la mahudhurio. Mwalimu mkuu anacheka wa mwisho, lakini anacheka.

Bibi Randa hacheki. Anachuchumaa, magoti yanalia. "Ukihesabu vijiko unaanza na moja, kwa sababu kijiko cha kwanza unacho mkononi. Ukipima, unaanza pale ambapo hujaenda kokote. Hapo panaitwa sifuri. Kosa ni langu, niliwaambia mnafika wapi, sikuwaambia mnatoka wapi. Mbao zipo, tukate tena."

Kengele inapolia, visanduku vitano vimefungika sawasawa. Viwili bado vinachezacheza, na wenye navyo hawataki kwenda mapumziko.

Mlangoni, mwalimu mkuu anamsubiri Bibi Randa.

"Mama, lile kosa limekaa kwenye vichwa vyao miaka miwili, na sisi tunasahihisha madaftari kila siku. Ila la nne siwezi kukupa kwa mdomo tu. Niandikie barua, Ijumaa naipeleka kwenye kamati ya shule."

"Nitakuandikia mimi, Mama," anasema mwalimu wa darasa. "Dakika tano tu."

"Hapana, mwanangu. Hii niachie."

Watoto wako nje sasa. Darasani, Bibi Randa amekaa dawati la nyuma, magoti hayaingii chini yake. Kalamu ameikamata kwa ngumi, kama patasi. Mwakani, anasema, wakimkubalia, wataanza na rafu ya vitabu, kisha viti vya wale wanaokaa chini. "Halafu la tano. Mungu akinipa nguvu, la saba nalimaliza nao."

Karatasi ya kwanza anaichana. Ya pili pia. Ya tatu anaisoma kimyakimya, midomo ikitembea, kisha anampa mwalimu wa darasa aikague.

Mwalimu anasoma. Anafungua kinywa kama anayetaka kusahihisha jambo, anakifunga. Barua ina mstari mmoja:

"Mwalimu mkuu, naomba kupanda darasa la nne."