Pacha wa Nangurukuru na Ngoma ya Ndani

Nurdin na Cletus si ndugu, ila Nangurukuru nzima inawaita Pacha. Nurdin, mzaliwa wa Njinjo, alikuwa fundi simu. Cletus, Mmakonde wa Newala, alipiga kinanda kanisani kabla biashara ya korosho haijamleta huku. Kwa miaka kumi na miwili wamekuwa wakirekodi ngoma za harusi, wanazitia besi na kasi, kisha nyimbo zinasafiri na mabasi ndani ya flashi. Nimecheza muziki wa kompyuta Lisbon na Durban, lakini ni hapa tu nilipoona watayarishaji wanaosimamisha kazi kila basi linapopiga honi.

Mwaka juzi nusura wafunge kazi. Walirekodi harusi Njinjo, wakasahau kinasa sauti dirishani. Wanawake walipoingia ndani kumfunda bibi harusi, kinasa kikaendelea kunasa. Nyumbani Pacha wakakuta mdundo ambao hawajapata kuusikia. Walijua maneno ya unyago hayatoki nje, wakayafuta yote. Wakabakiza ngoma tupu, wakaigeuza wimbo.

Wiki ileile wimbo ukapigwa stendi. Bi Kidawa, kungwi anayeuza samaki wa kukaanga, akaacha karai motoni akaja kwenye kibanda chao cha kurekodia, palepale stendi.

"Shikamoo, mama," Cletus akasema.

"Marahaba. Nani kawaonyesha unyago nyie?"

"Maneno tumeyatoa, mama. Halikubaki hata moja."

"Ngoma yenyewe inasema, baba. Nilikuwa nageuza samaki, mikono ikaniganda. Na mkeo Stefania kaisikia. Kakupikia leo?"

Cletus akatikisa kichwa. Nurdin akacheka.

"Wewe unacheka nini?" Bi Kidawa akamgeukia. "Huna hata wa kukunyima chakula."

Hakuna mwanamke atakayewaita harusini, akasema, mpaka wimbo ule utoweke. Korosho zilikuwa zimeuzwa, watu wana fedha, na msimu wa harusi ulibakiza wiki tatu kuanza.

Wakaenda kutoka pikipiki hadi pikipiki, basi hadi basi, wakiomba flashi na kufuta. Walifika mpaka Mitwero, ambako kondakta mmoja alikataa kuuachia wimbo mpaka apewe nyingine mbili.

"Hatujawahi kuwa na mashabiki wengi hivyo," Nurdin aliniambia, "na wote tunawaomba watusahau."

Bi Kidawa alitembea stendi siku saba akisikiliza kama bado unapigwa. Siku ya nane akawaita kwenye harusi ya binti wa dada yake, na wengine wakafuata.

Tangu hapo hakuna wimbo unaotoka bila yeye kuusikia kwanza. Juzi nilimkuta kibandani, spika za masikioni juu ya ushungi, vidole vikinuka samaki. Pacha walikaa wakimtazama usoni kama watahiniwa.

"Hii ni ngoma ya nje, haina neno," akasema mwishowe. "Ila mmeikimbiza mno. Bibi harusi anaingia ukumbini au anamkimbia mume?"

Cletus akapunguza kasi. Bi Kidawa akasikiliza tena, na safari hii bega lake la kushoto likaanza kucheza.